Sekretaria moja ya barabara ya Kasapa: kuchapa wanajua, kusahihisha waache

Kilichonipeleka pale ni ajali. Umeme ulikatika Jumanne usiku, ukarudi alfajiri kwa kishindo, na laptopu yangu ilikuwa imelala kwenye prizi bila stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza umeme. Harufu ya plastiki iliyoungua iliniamsha kabla ya mtoto. Humo ndani ndimo ilimokuwa proje ya teze yangu, yaani pendekezo la utafiti wa udaktari kwa ninyi mlio nje ya Kongo. Tezi haina uhusiano hapa, mtusamehe matamshi. Kilichobaki ni daftari, kwa kuwa mimi huandika kwanza kwa kalamu, na siku 11 kabla ya kuliweka mezani kwa promota, yaani profesa anayenisimamia.

Mimi ni asistanti, mwalimu msaidizi wa chuo kikuu, Lubumbashi hapa, nafundisha algoriti mwaka wa kwanza. Mshahara wa asistanti haununui laptopu ndani ya siku 11. Kwa hiyo sekretaria, yaani duka la kuchapa na kutoa nakala.

Jina lake sitalitaja, maana nitawasifu na nitawalalamikia. Ni chumba kimoja njiani kuelekea kampasi: kompyuta tatu, mashine ya fotokopi inayokohoa kama mzee wa Gécamines, kampuni yetu ya migodi, grupu (jenereta) ndogo ya petroli nyuma, na kipande cha karatasi ngumu ukutani chenye bei. Kuchapa, faranga 700 kwa ukurasa. Kutoa kwenye karatasi, 150. Spirali ya kufungia kurasa, 2,000. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikija, grupu inawashwa bila nyongeza ya bei, na hilo peke yake linanitosha kurudi. Sehemu nyingine nimeshaambiwa nichangie petroli nikiwa katikati ya sentensi.

Anayechapa ni mama mmoja niliyemwita yaya tangu siku ya kwanza (kwetu yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto). Vidole vyake ni balaa. Nilikaa karibu naye nimsomee, maana mwandiko wangu hata mimi unanishinda. Nikaanza, kwa Kifaransa kama ilivyo desturi ya proje zetu: "Katika dunia ya leo, teknolojia ya habari na mawasiliano..." Nikanyamaza kidogo kugeuza ukurasa. Yaya hakunyamaza. Aliendelea kuchapa: "...imepenya katika nyanja zote za maisha ya binadamu." Nikaangalia daftari. Neno kwa neno, isipokuwa mimi niliandika "sekta" na yeye aliandika "nyanja".

"Asista, hii najua," akasema bila kuniangalia. "Hii wote munaandikaka."

Akanifungulia foda ya kazi alizochapa. Sikusoma za watu, nilisoma mistari ya kwanza tu aliyonionyesha. Uhasibu, sheria, elimu ya jamii, tatu za informatiki: dunia ya leo, dunia ya leo, katika karne hii ya utandawazi, dunia ya leo. Nilicheka, halafu nikaona haya. Nilikuwa nimelipia ukurasa mzima wa maneno ambayo mchapaji anayaandika akiwa amefumba macho.

Biashara ile inalipwa kwa ukurasa. Daftari langu lilitoa kurasa 34, faranga 23,800. Promota alikuwa amesema 15, basi. Kurasa 34 zilinigharimu, lakini zile 19 za kukata zilinifundisha zaidi. Historia ya akili mnemba tangu Turing: nje, anayesoma proje yangu anaijua. Faida kwa taifa, kurasa mbili: nje. Maelezo ya neno "mtandao": nje kabisa. Swali langu la kwanza lilikuwa "Akili mnemba inawezaje kuboresha mawasiliano Lubumbashi?" Swali hilo haliwezi kushindwa, na swali lisiloweza kushindwa promota wangu analiandikia pembeni kwa wino mwekundu: utajuaje kama umekosea?

Lililobaki ni hili. Modeli ya kompyuta ya kusikia usemi na kuuandika, iliyofunzwa zaidi kwa Kiswahili sanifu, inapoteza kiasi gani ikisikiliza Kiswahili cha Lubumbashi kinachopandana na Kifaransa, na ni saa ngapi za sauti za hapa, zilizoandikwa kwa mkono, zinatosha kupunguza pengo hilo? Hapo kuna namba ya kuitafuta. Kuna na cha kulinganisha nacho: Whisper, modeli ya kusikia usemi ya kampuni ya OpenAI ya mwaka 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, na lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000 tu. Sehemu ya mbinu ikajiandika yenyewe baada ya hapo. Sauti za nani, kwa ridhaa ya aina gani. Msemaji aliyetumika kufunza asionekane kwenye jaribio, la sivyo mashine itakuwa imezoea koo la mtu badala ya lugha. Muda nao: dakika 10 za mazungumzo ya sokoni zilinichukua saa moja na nusu kuziandika, kwa hiyo ile ndoto ya saa 100 niliyokuwa nayo ikafa kwenye ratiba, nikaweka 20.

Yaya alinikatia zile kurasa mwenyewe, akijua kila ukurasa ukitoka faranga za kuchapisha zinapungua. Nampa nyota zote zilizopo.

Sasa malalamiko.

Siku ya tano yaya hakuwepo, nikamkuta kijana aliyekulia Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Tajiri wa duka akaniambia kuna huduma ya kusahihisha, faranga 200 kwa ukurasa. Nilikuwa na darasa, nikakubali. Kosa langu lilikuwa hapo.

Proje ni ya Kifaransa, lakini ina mifano ya usemi wa hapa niliyoiandika kama ilivyosikika. Word iliwekwa Kifaransa, kwa hiyo kila neno la Kiswahili lilikuwa na mstari mwekundu chini. Kijana akaona wekundu, akadhani ni uchafu, akafagia. Nilirudi saa kumi nikakuta "bantu beko banakuya" imekuwa "watu wanakuja". Mifano yote, ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa na fahari usoni. "Mama, nimekusafishia na Kiswahili pia, hiyo bure."

Kwa mtu asiye wa fani inaonekana ni tofauti ya ladha. Kwangu ni maafa, na nilimwonyesha pale pale kwenye mgongo wa risiti. Mashine ya kusikia usemi inapimwa kwa kuhesabu makosa: maneno iliyobadilisha, iliyoruka na iliyoongeza, jumla igawanywe kwa idadi ya maneno yaliyomo kwenye andiko la rejea, lile alilounda mtu kama jibu sahihi. Tuseme mashine imesikia sawasawa na kuandika "bantu beko banakuya". Andiko la rejea, baada ya usafi wa kijana, lina maneno mawili: "watu wanakuja". Mawili yamebadilishwa, moja limeongezwa, makosa matatu kwa maneno mawili. Asilimia 150. Mashine isiyokosea hata neno inapewa asilimia 150 ya makosa!

Kijana aliangalia ile risiti kwa muda. "Lakini beko si neno," akasema. Hapo ndipo nilipojua kwamba nina proje. Lile jibu lake, kwa heshima na bila kumtaja, liko ndani ya utangulizi wangu kwa namna nyingine: data inaharibiwa na watu wenye nia njema wanaosahihisha wanachokiandika. Ile aya imechukua nafasi ya dunia ya leo.

Tajiri alikataa kurudisha pesa. Alisema kazi imefanyika, masahihisho yapo, nikague. Tulibishana mpaka grupu ikazimika, na gizani mtu hagombani vizuri. Yaya alirudi kesho yake akarudisha mifano mmoja mmoja kutoka kwenye daftari, bila kudai kitu, huku akiisoma kwa sauti na kucheka pale alipotambua lugha ya mama mkwe wake.

Ukienda, basi, nenda asubuhi, muulizie yaya, na masahihisho uyafanye mwenyewe. Kama kazi yako ina maneno ya lugha mbili, teua mifano yote na uwaombe wazime ukaguzi wa tahajia hapo, Word inaruhusu. Fomula nazo waandikie wazi na ukae karibu, alama ya sigma niliikuta imegeuka herufi E. Flashi yako ichunguze virusi kabla ya kuirudisha nyumbani. Usiache faili kwenye mashine yao: mimi nilionyeshwa ya wengine kwa urahisi mno, na bila shaka kuna mtu ameshaonyeshwa ya kwangu.

Toleo la mwisho ni kurasa 14. Nakala tano za komite, spirali tano, jumla faranga 20,500. Niliwapa 21,000, chenji haikuwepo. Bado nawadai 500.