Tahadhari: Muuzaji wa modi za Skyrim zinazotolewa bure

Ndugu wachezaji, ninaandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayetangaza "kifurushi kamili" cha modi (nyongeza zinazobadilisha gemu, zinazotengenezwa na wachezaji) za gemu la Skyrim, ambaye mimi mwenyewe nilimlipa mwezi uliopita kabla ya kugundua kwamba karibu kila nilichouziwa hutolewa bure na waliokitengeneza.

Nilipofungua folda mojawapo nilikuta faili dogo la maandishi ambalo bila shaka alisahau kulifuta. Humo mtengenezaji halisi alikuwa ameandika jina lake, akawashukuru waliomsaidia kuchora silaha, kisha akaeleza kwamba kazi hiyo ni ya bure na kwamba hairuhusiwi kuuzwa wala kupakiwa kwingine bila idhini yake. Nilipoitafuta modi hiyo katika Nexus Mods, tovuti ya kupakulia modi, niliikuta ikiwa na toleo jipya kuliko langu, na hitilafu zilizonisumbua kwa siku kadhaa zilikuwa zimekwisha kurekebishwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyekesha akiitengeneza hakupata chochote katika fedha niliyotoa.

Nilipomwuliza muuzaji, alijitetea kwamba hata Valve, kampuni yenye duka la magemu la Steam, waliwahi kuuza modi. Ni kweli kwamba Aprili 2015 Valve na Bethesda, kampuni yenye gemu la Skyrim, waliruhusu modi za Skyrim ziuzwe ndani ya Steam, lakini waliouza walikuwa watengenezaji wa modi wenyewe, wakipata asilimia 25 ya bei, na hata mpango huo ulifutwa baada ya siku chache kutokana na malalamiko ya wachezaji, na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Huyu hana idhini ya mwenye gemu wala ya mwenye modi. Sina kinyongo na mtengenezaji anayepokea michango kwa jasho lake. Ninayemlalamikia ni anayevuna asichopanda.

Hasara haiishii kwenye bei. Modi nyingi zinazotegemea SKSE (programu ya ziada inayoongezea Skyrim uwezo wa kuendesha modi) huacha kufanya kazi gemu linaposasishwa, na watengenezaji hutoa matoleo mapya bila malipo, lakini huyu alinidai malipo ya pili kwa kile alichokiita huduma ya sasisho. Isitoshe, kifurushi chake huja kama programu ya .exe, pamoja na maelekezo ya kuzima kinga ya virusi kabla ya kuifungua, ilhali modi ya kawaida ya Skyrim ni mafaili yanayowekwa katika folda ya Data na haihitaji kabisa jambo hilo. Juni 2023 programu haribifu iliyoitwa fractureiser ilipenyezwa katika modi za gemu jingine, Minecraft, ikaiba taarifa za akaunti zilizohifadhiwa kwenye vivinjari, na hayo yalitokea katika tovuti inayoaminika ya CurseForge, sembuse faili la mtu asiyejulikana.

Aliyekwisha kufungua programu hiyo abadilishe manenosiri yake yote akitumia kifaa kingine, kisha aikague kompyuta yake kabla ya kuingia tena katika akaunti yoyote. Ahifadhi pia risiti na mazungumzo, adai fedha yake kupitia njia ile ile aliyolipia, na amjulishe mtengenezaji halisi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya kutaka tangazo liondolewe. Muuzaji huyu amekwisha kubadilisha jina la duka lake mara mbili tangu nimlalamikie, ila picha za tangazo ni zile zile, na majina ya watengenezaji yamekatwa pembeni.