TAHADHARI: Dalali wa magari anayekutajia "laki tano ya matengenezo"

Ndugu zangu mnaotafuta gari la mkononi hapa Dar, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna dalali anauza IST, Passo na Vitz kwa picha za mtandaoni, na wateja wake wanaishia gereji kwangu wakiwa wamechanganyikiwa. Jina simtaji, ila mchezo wake nautaja wote kwa sababu hauchezi peke yake.

Unafika kuliona gari, limeoshwa linang'aa, injini tayari ni ya moto. Kabla hujauliza anaanza mwenyewe: "Bosi sikufichi, bushi za mbele zimechoka na shokapu moja inavuja. Laki tano inamaliza kila kitu." Anaitwa fundi wake, anachungulia chini, anaitikia. Bei inashuka laki tano. Hapo unaona umempata muuzaji mkweli, unamlipa hela yote uliyokuja nayo. Kumbe ugonjwa mdogo ameutaja ili usiutafute mkubwa.

Juzi mwalimu mmoja ameniletea IST aliyoinunua kwa mtindo huo, tena kwa mkopo wa SACCOS. Kila akikaa kwenye foleni, gari linachemsha. Nilipofungua dashibodi nikakuta taa ya injini imezibwa kwa utepe mweusi wa umeme, kipande kidogo kimekatwa kikaenea sawasawa. Thamostati, kile kifaa kinachoongoza joto la injini, ilishatolewa zamani. Ikitolewa, injini inachelewa kupata joto lake na taa inaweza kuwaka, ndiyo maana wakaiziba. Kwenye rejeta kulikuwa na maji ya bomba yamegeuka rangi ya kutu, na oili waliyoweka ni nzito mno, ya kuficha moshi. Hedi, yaani kichwa cha injini, imepinda. Kuisawazisha, gasketi mpya, rejeta, thamostati na ufundi, hesabu imepita milioni moja na nusu, na bushi zile bado hazijaguswa. Dada wa watu alikaa kimya muda mrefu. Marejesho ya mkopo yanaanza mwisho wa mwezi.

Sasa shikeni haya. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe gari mpaka ufike. Shika boneti, ikiwa ya moto, ahirisha. Weka swichi kwenye ON bila kuwasha: taa ya injini, ya oili na ya eabegi lazima ziwake zote. Ile ya injini isipowaka kabisa, kuna mkono wa mtu. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani; ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili. Mashine ya kusoma makosa ya injini ichomekwe baada ya kuliendesha gari, kwani makosa hufutwa asubuhi na kurudi baada ya mwendo. Tairi nalo lina tarehe ubavuni: 2219 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2019.

Na huyu dalali ana kauli moja inayomuumbua. Anasema IST "imebadilishwa taimingi belti juzi tu." Injini za IST zinatumia cheni ya chuma badala ya mkanda huo, hazina taimingi belti! Anayekwambia hivyo ama hajui anachouza ama anajua wewe hujui.

Passo na Vitz zenye giaboksi ya CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua) ziangalieni kwa jicho la pekee. Zina mafuta yake maalumu ya gia, na nyingi zinazonifikia zimewekewa ya kawaida kwa sababu ni rahisi. Likisita kuondoka au likivuma kama linaburuzwa, achana nalo hata likiwa bei ya kutupa.

Kuhusu bajeti, ukiwa na milioni 10 tafuta gari la milioni 8. Kuna gharama za kubadili umiliki TRA, kuna bima, faini za barabarani zinazodaiwa namba ile (hizo ziangalie mtandaoni kabla ya kulipa), halafu oili, filta, plagi, kulanti (maji ya kupozea injini) na breki pedi, ambavyo mimi huvibadilisha vyote gari likiingia mikononi mwa mmiliki mpya. Kinachobaki kikae benki, maana gari la miaka 15 lazima lidai kitu ndani ya miezi ya mwanzo. Makadirio ya matengenezo yatoke kwa fundi uliyemlipa wewe, na bei za vipuri uliza mwenyewe Ilala au Gerezani.

Kama tayari umeshamwachia mtu wa namna hii kishika bei, usimalizie kilichobaki. Mdai maandishi yenye namba ya chesisi na jina lililo kwenye kadi, peleka gari likapimwe likiwa baridi, na akikataa, ndani ya siku hiyohiyo nenda polisi na risiti za miamala ya simu pamoja na picha za tangazo lake kabla hajalifuta.