Uzoefu wangu: kurudisha rangi ya Toyota 86 iliyofika na mikwaruzo

Gari ni Toyota 86 ya 2014, nyeusi, nimeiagiza Japani. Nembo ni ya Toyota, lakini imeundwa kwenye kiwanda cha Subaru kule Gunma, na hata rangi yake ni ya Subaru: namba D4S, nyeusi yenye chembechembe za kung'aa kwa ndani. Ikiwa safi unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Ikikwaruzwa haifichi kitu.

Nilipokwenda kulichukua yadi hapa Dar es Salaam, lilikuwa na vumbi la wiki kadhaa. Kijana mmoja wa pale, kwa nia njema kabisa, akashika tambara kavu akaanza kunifutia boneti ili nilione vizuri gari langu. Nikasimama nacheka kama bwana harusi, tena nikampa elfu mbili. Yaani mikwaruzo nimeilipia mwenyewe.

Kesho yake saa nne asubuhi, jua limetoka, nikaona. Boneti na milango yote ina utando wa buibui, yaani mikwaruzo midogo midogo ya mviringo inayoonekana juani. Juu ya paa kuna madoa mawili ambapo kinyesi cha ndege kimekula klia, lile tabaka angavu la juu linalokinga rangi. Ubavuni kushoto, nyuma ya mlango, kuna mstari wa kama shibiri moja ambao kucha inanasa ukipitisha. Wakala wangu aliniuliza swali moja tu: si ulisaini kuwa umelipokea likiwa zima? Nilisaini. Mnaosubiri magari, piga picha pande zote kabla ya kushika kalamu.

Gereji ya kwanza fundi alitoa sumaku mfukoni, akaizungusha gari zima, ikashika. Alipofika kwenye boneti ikaanguka. Akarudia, ikaanguka. "Bosi, boneti hili ni paki tupu, umeuziwa gari la ajali." Paki ni lile lijazo wanalopaka mafundi kufunika mabonyeo. Ushauri wake ni kukwangua na kupiga rangi gari zima, shilingi 1,500,000. Siku hiyo sikula.

Usiku ndipo nilipogundua kuwa boneti la 86 ni la alumini, limetoka hivyo kiwandani ili kupunguza uzito wa mbele. Sumaku haishiki alumini. Ningelipa milioni na nusu kwa sababu ya somo la sayansi la shule ya msingi.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Banda lake liko Sinza na kazi yake ni kupolishi tu, hapigi rangi. Kabla ya kutaja bei alitoa kipimo cha unene wa rangi kinachosoma chuma na alumini. Boneti: maikroni 115 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Milango: kati ya 110 na 130. Ndio unene wa rangi ya kiwandani. Ubavu wa nyuma kushoto: 240. Hapo pamepigwa rangi tena, akasema, Japani huko huko. Nikafungua karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi wa gari kutoka Japani, kwenye simu, na kweli, kwenye mchoro wa gari pale pale pameandikwa W1. Mimi nilikuwa nimeangalia gredi 4 tu nikafurahi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyowahi kunyooshwa. Bampa hakupima, maana ni plastiki na kipimo chake hakisomi hapo.

Alinieleza kitu ambacho wa kwanza hakukigusa: katika hizo maikroni 115, klia ni kama 40 hivi, nyembamba kuliko unywele. Ukiikwangua hovyo kutafuta kung'aa kwa siku moja, jua la Dar litamalizia. Mimi hapo ndipo nilipomwachia funguo.

Kwanza aliosha, akapuliza dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, na gari jeusi likaanza kutiririka zambarau. Alinivalisha mfuko wa plastiki mkononi nikapapasa paa: lilikuwa linakwaruza kama msasa laini, ingawa kwa macho huoni kitu. Akapitisha udongo maalumu wa kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi hadi likateleza. Kisha akachagua eneo la ukubwa wa kigae kimoja kwenye mlango, akalijaribu kwa kampaundi laini (dawa ya kupolishi) kabla ya kugusa kwingine. Kila akimaliza sehemu aliifuta kwa spiriti. Mafuta ya polishi huziba mikwaruzo kwa muda. Ukiosha mara mbili inarudi, na wateja wengi wanapigwa hapo hapo.

Matokeo? Utando umeondoka karibu wote. Alipima unene tena: polishi imekula maikroni 3 hadi 4 za klia. Madoa ya ndege yamefifia, lakini ukijua yalipo utayaona. Aligoma kuyafuata zaidi na nilibishana naye kidogo; sasa naona alikuwa sahihi. Mstari wa ubavuni alijaza rangi kwa brashi nyembamba, akaweka klia, akasubiri hadi kesho yake, akasawazisha kwa msasa wa maji namba 2000 halafu 3000. Ukisimama hatua mbili huuoni. Ukimulika tochi kwa pembeni, upo.

Malalamiko ninayo. Aliniambia siku moja, zikawa tatu, sababu ni umeme kukatika na yeye mwenyewe kuchelewa. Kampaundi ilikaukia kwenye raba za madirisha, nimeitoa mwenyewe kwa mswaki jioni nzima. Na bandani mwake hakuna pa kukaa, unasimama barazani kwa mama ntilie.

Nililipa 380,000, nta ya kukinga ikiwemo. Nimekaa nalo miezi minne, naosha mwenyewe kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na vijana wa kuosha magari mtaani wameshaacha kunisalimia.

Ukitaka kupimiwa tu bila kupolishi anachukua 20,000. Peleka gari likiwa limeoshwa, na mpigie asubuhi; mchana hapokei.