Kompyuta ya kuzamia: ya mkononi au ya konsoli? Uzoefu wangu

Kama hii ndiyo kompyuta yako ya kwanza ya kuzamia, nunua ya mkononi. Nimezitumia zote mbili, visiwani Mnemba na Pemba, na siku hizi navaa Suunto Zoop Novo mkono wa kushoto.

Kwanza tuelewane: ubongo ni ule ule. Zoop Novo ipo ya mkanda na ya konsoli, Cressi Leonardo vivyo hivyo. Zote zinapima kina na muda, zinakokotoa nitrojeni iliyoingia mwilini, na zinakuonyesha dakika ulizobakiwa nazo kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda ili nitrojeni itoke. Tofauti ni mahali zinapokaa. Konsoli inaning'inia kwenye hozi (bomba la mpira) ya presha kubwa, ubavuni kushoto, pamoja na geji ya mtungi na pengine dira.

Sikatai, konsoli ina raha yake. Ukiivuta mara moja unaona kina, muda na hewa, na huwezi kuisahau nyumbani maana imefungwa kwenye regulata, kifaa chako cha kupumulia.

Shida inaanza unapopanda, na hapo ndipo unapoihitaji hasa. Unatakiwa usizidi mita 10 kwa dakika, kisha utulie kwenye kina cha mita 5 kwa dakika 3. Sasa hesabu mikono. Wa kushoto umeinua hozi ya jaketi la kuelea kutoa hewa. Wa kulia ndio uende kupapasa konsoli, nayo iko ubavu wa pili, mkondo unaisukuma nyuma. Ukiishika unasoma, ukiiachia imepotea tena. Ya mkononi ukiivaa kushoto, mkono ule ule unaotoa hewa unakuletea kioo mbele ya macho. Kwangu mimi mjadala uliishia hapo.

Halafu kuna suala la kukodi. Kituo kimoja, sikitaji, kilinipa regulata yenye konsoli asubuhi, mchana nikaletewa nyingine kwa kuwa ya kwanza alishapewa mgeni. Ile niliyoletewa ilikuwa na nitrojeni ya mtu mwingine kwenye kumbukumbu, na hesabu yangu imeondoka na mgeni. Kijana wa vifaa akaniambia, "Kaka, zote sawa tu." Si sawa hata kidogo. Kompyuta inahesabu mwili mmoja kutwa nzima. Ukibadilishana nayo katikati, namba zote ni za uongo. Nilibaki kwenye boti nikila embe. Na hata kama regulata ni yako, siku ukiipeleka kwa fundi na kompyuta imekwenda nayo.

Ya mkononi nayo ina visirani vyake. Suti ya kuzamia inabanwa na maji kadiri unavyoshuka, mkanda unalegea, na kompyuta inazunguka mpaka kioo kinatazama chini ya mkono. Nilitoa mkanda nikafunga kamba ya mpira inayovutika, ikakaa. Betri ya Zoop ni CR2450, wala si ile CR2032 iliyozoeleka, kwa hiyo beba ya akiba kabla hujaelekea Pemba. Kubadilisha unaweza mwenyewe, ila angalia ile ringi ya mpira chini ya mwanga mzuri: chembe moja ya mchanga inatosha kupitisha maji.

Kuhusu hewa, Zoop Novo haikuonyeshi kilichobaki mtungini. Zipo za mkononi zinazopokea presha kwa kifaa cha mawimbi kinachofungwa kwenye regulata, lakini bei inapaa mno na unapata betri ya pili ya kuihangaikia. Mimi nimebaki na geji ndogo ya sindano, nimeibana kwa klipu kifuani isiburuzike kwenye matumbawe. Ikigusa bar 100 (bar ni kipimo cha presha) namwonyesha mwenzangu, ikikaribia 50 niwe nimeshafika juu.