Zana za kuchokonoa kufuli: ukianza, pesa iende wapi

Anayetaka kujifunza kufungua kufuli bila ufunguo kwa kujifurahisha, akitafuta mtandaoni, hukutana kwanza na pochi nyeusi yenye vipande 20 au 30, pamoja na kufuli la plastiki linaloonyesha yaliyomo tumboni. Bei inavutia, wingi unavutia zaidi. Katika rundo lile atatumia vipande vitatu au vinne, vilivyobaki vitalala kwenye pochi mpaka vishike kutu. Na kile kinachoamua kama kufuli litafunguka, yaani kikazio, kimetiwa humo kama nyongeza tu: viwili au vitatu, vinene, vimekunjwa ovyo. Kwa hiyo hapa mpangilio umegeuzwa: kikazio kwanza, kufuli la mazoezi pili, vichokonoo baadaye.

Tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Ndani ya kufuli la pini kuna kiini, ile sehemu inayozunguka pamoja na ufunguo. Pini hukaa mbili mbili kwenye vijitundu vyake, moja ikigusa ufunguo, ya pili ikisukumwa na springi. Ufunguo halali huziinua mpaka maungio ya kila jozi yakae sawa na ukingo wa kiini, na hapo hakuna kinachokizuia kuzunguka. Linus Yale Mdogo alipata hataza ya kufuli la aina hii Marekani mwaka 1861, na kanuni ni ileile hadi leo. Upenyo tunaoutumia ni kwamba vijitundu vya kiwandani havikai kwenye mstari mmoja kamili. Ukikisukuma kiini kidogo, pini moja hubanwa kabla ya wenzake. Ukiiinua hiyo hadi mahali pake inalia "tik", kiini kinasogea kadiri ya unywele, kisha pini nyingine inabanwa. Kikazio ni cha kusukuma kiini, kichokonoo ni cha kuinua pini.

Sheria mbili za mchezo, na sheria ya nchi

Vyama vya mchezo huu Ulaya, kama SSDeV cha Ujerumani kilichoanza mwaka 1997 na TOOOL cha Uholanzi, vinashikilia mambo mawili: chokonoa kufuli lako tu au la mtu aliyekuruhusu, na usichokonoe kufuli linalotumika. La pili wengi hulichukulia kijuujuu. Ncha ya kichokonoo ikikatikia ndani ya kitasa cha mlango wa mbele, ufunguo hauingii tena, nanyi mtalala nje.

Kwa upande wa serikali, kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zote zina kifungu kinachomhusu mtu anayekutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali. Uingereza, Sheria ya Wizi ya 1968 inamgusa aliye nje ya makazi yake na kifaa cha kutumia katika wizi. Japani ilipitisha mwaka 2003 sheria inayokataza kumiliki zana maalumu za kufungulia bila sababu ya msingi. Popote ulipo, soma sheria ya hapo kabla ya kuagiza, kisha zana zikae nyumbani, kwenye sanduku moja na makufuli ya mazoezi. Usizibebe kwenye begi la kazini wala kuziacha ndani ya gari.

Kikazio: hapa usibane pesa

Kuna namna mbili za kukikaza kiini. Ya kwanza ni kuingiza chuma upande wa tundu la ufunguo ulio mbali na pini. Ndiyo inayoonyeshwa mara nyingi, nayo inakula nafasi ya kichokonoo. Ya pili ni kuingiza kipande bapa upande uleule wa pini, mdomoni kabisa mwa tundu. Nafasi iliyobaki inakuwa yote ya kichokonoo, na mtetemo wa pini unakuja wazi kidoleni. Anza na hii ya pili.

Unahitaji unene wa aina tatu: takriban milimita 0.76, 1.02 na 1.27. Makufuli hayalingani, na kikazio kisichokaa sawa hakifundishi kitu. Kikiwa chembamba kinapinda ndani ya tundu na kuteleza. Kikiwa kipana kinakwaruza mwili wa kufuli badala ya kugusa kiini peke yake, halafu unadhani unasikia pini kumbe unasikia mkwaruzo. Ncha iwe fupi, milimita 3 au 4, isiguse pini ya kwanza. Ikigusa, ipunguze kwa tupa kidogo kidogo huku ukijaribu.

Vikazio vilivyosokotwa kama kamba, vinavyonesanesa, viache dukani. Vinameza kile kile unachotafuta kukihisi.

Vichokonoo, kwa nafasi

*Nafasi ya kwanza: vipande vichache kutoka kwa watengenezaji wa zana hizi.* Wanaojulikana ni Peterson na SouthOrd wa Marekani, Sparrows wa Kanada, Multipick wa Ujerumani na Dangerfield wa Uingereza. Chukua ndoano fupi yenye unene wa karibu milimita 0.6, nyingine ya umbo hilohilo yenye milimita 0.45 hadi 0.5 kwa matundu membamba, ndoano moja ndefu kidogo kwa pini fupi iliyojificha nyuma ya pini ndefu, na reki moja ya mawimbi, yaani kichokonoo cha kusugua pini kadhaa kwa pamoja. Pamoja na vikazio vitatu vya hapo juu, vipande havizidi vinane. Seti ndogo ya namna hii kwa kawaida huuzwa kati ya dola 25 na 50. Kwa aliye Mwanza au Mombasa, usafirishaji na ushuru vinaweza kuifikia bei ya zana zenyewe, kwa hiyo agiza mara moja tu, na kama pesa inabaki ongeza kikazio, usiongeze kichokonoo.

Utakijuaje kizuri? Pitisha ukucha kando ya shingo yake. Kikikwama kwenye mikwaruzo, na ndani ya kufuli kitakwama vilevile, kila mkwaruzo ukijifanya pini. Ncha iwe mviringo, isiwe na kona kali.

*Nafasi ya pili: vya kujitengenezea.* Kwa Afrika Mashariki hii inakaribia sana ya kwanza, na mwenye mkono wa ufundi anaweza kuianza moja kwa moja. Chuma kinachofaa kipo kwenye maduka ya zana za magari, Kariakoo au Kirinyaga Road: fila geji, yale majani membamba ya chuma ambayo fundi hupimia nafasi ya vali. Kila jani limeandikwa unene wake, na chuma chake ni kigumu chenye kurudi kama springi. Chagua jani la 0.50 na la 0.60. Tafuta yenye urefu wa milimita 100 au zaidi, maana yale mafupi hayaachi mpini wa kushika.

Chora umbo kwa kalamu ya wino usiofutika. Shingo iwe na kimo cha milimita 2.5 karibu na mpini, ikipungua hadi 1.8 hivi kuelekea nchani, na ndoano inyanyuke milimita 2 juu ya shingo. Libane jani kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili bapa vya chuma, la sivyo litapiga kelele na kupinda. Tupa ya kawaida huteleza juu ya chuma hiki, kwa hiyo tumia jiwe la kunolea la umeme, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Gusa jiwe kwa sekunde mbili, chovya kwenye maji, gusa tena. Chuma kikigeuka rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake mahali hapo. Kata sehemu hiyo uanze upya, hakuna msasa utakaokiponya. Kisha piga msasa namba 240, 400, 800, umalizie na 1000 au zaidi, ukifuata urefu wa shingo kila wakati, usikate mkingamo.

Jaribio la mwisho: ipinde shingo kidogo kwa kidole. Ikirudi yenyewe, iko tayari. Ikibaki imepinda, iliungua moto na hukuona. Kwa mpini, vuta juu yake tabaka tatu za ule mpira wa mafundi umeme unaosinyaa kwa joto.

Vikazio navyo hupatikana kwenye waipa kuukuu za mtindo wa fremu. Ndani ya mpira wake kuna vyuma viwili virefu visivyoshika kutu. Pima unene kwa kalipa, kata kipande cha milimita 80 hivi, kunja ncha polepole kwa koleo mbili mpaka pembe ya mraba. Ukikunja kwa haraka kinakatika kwenye kona.

*Nafasi ya tatu: seti nafuu ya vipande vingi.* Haifai kudharauliwa moja kwa moja. Kama ndicho kinachopatikana, toa ndoano fupi mbili, zisugue kwa msasa mpaka zing'ae, kisha tengeneza vikazio vyako vya waipa. Kasoro yake ya kawaida ni chuma laini: baada ya wiki chache za mazoezi ndoano inafunguka na kunyooka.

*Mwisho kabisa:* zana za umbo la kadi ya benki, za umbo la kisu cha kukunja, na bastola za kutikisa pini. Za kadi ni nyembamba, zinaumiza vidole. Bastola inaweza kufungua, ila haimfundishi mtu kuhisi pini, na kuhisi ndiko tunakotafuta hapa.

Kufuli la kujifunzia

La plastiki linaloonyesha ndani litazame siku moja ili uone pini inavyotua, kisha liweke kando. Pini zake zimelegea mno, na macho yanafanya kazi ya vidole.

Chaguo la kwanza ni silinda ya mlango wa alumini, ile ndefu ya shaba ya njano inayouzwa peke yake kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni rahisi, inabanika kwenye jiliwa, kiini chake hakirudishwi na springi, na unaweza kuifungua ukapunguza pini. Hilo la mwisho ndilo linaloifanya ishinde zote. Toa klipu ya katikati kwa koleo ya klipu, ingiza ufunguo, zungusha kiini kidogo, kisha kisukume nje kwa kijiti cha mbao cha mviringo chenye unene uleule wa kiini. Kijiti kiingie nyuma yake bila kuacha mwanya hata kidogo. Mwanya ukitokea, springi na pini za juu zinaruka chumbani na utazitafuta kwa sumaku bure, kwa sababu pini za shaba hazishikwi na sumaku. Fanyia ndani ya sinia lenye kitambaa. Anza na pini mbili, ukizoea weka ya tatu, hivyo hivyo mpaka tano.

Chaguo la pili ni kufuli la shaba la Tri-Circle la ukubwa wa wastani, milimita 38 kwa mfano. Ujue tu kwamba katika makufuli mengi ya kuning'inia kuna springi inayorudisha kiini, kwa hiyo mkono wa kikazio unapaswa kuishinda hiyo kwanza. Waliopo Marekani au Kanada watalipata kirahisi Master Lock namba 3, lenye pini nne. American Lock 1100 liache kwanza: pini zake zina meno na viuno, zinatoa "tik" za uongo.

Kabla ya kununua chochote, tazama ufunguo. Ufunguo mrefu wa mviringo wenye ulimi mwishoni, kama wa vitasa vya milango mingi ya mbao, ni wa leva, kufuli linalotumia vibapa badala ya pini. Ufunguo bapa wenye vidimbwi ubavuni, au wa diski kama Abloy, nao una zana zake. Vichokonoo hivi havitafaa hapo.

Pale kufuli linapokataa

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali sana, ni kukaza kupita kiasi. Gusa kitufe cha kibodi ya kompyuta bila kukibonyeza hadi chini: nguvu iwe ndogo kama hiyo. Ukikaza zaidi pini zote zinabanwa kwa pamoja na huwezi kujua zamu ni ya nani. Ukucha ukigeuka mweupe kwenye kikazio, legeza.

Pini inayorudi kama springi tupu haijafika zamu, iache. Inayokataa kama jiwe ndiyo ya kuinua. Ukiinua kupita, pini ya chini inaingia kwenye mpaka na kiini kinakwama moja kwa moja. Ondoa mkazo taratibu ukisikiliza, pini zianguke, uanze tena.

Kiini kikizunguka nyuzi chache kisha kikasimama, umekutana na pini yenye kiuno. Bonyeza kila pini kwa upole. Ile itakayokirudisha kiini nyuma ndiyo yenyewe. Kiruhusu kikazio kirudi kidogo huku ukiendelea kuinua. Pini nyingine inaweza kuanguka wakati huo, utairudia.

Joseph Bramah, fundi kufuli Mwingereza, aliweka kufuli lake dirishani mwa duka London mwaka 1790 na zawadi ya gini 200, pesa ya Kiingereza ya zamani, kwa atakayelifungua. Alfred Hobbs, Mmarekani, alilifungua mwaka 1851, saa 51 zilizosambaa katika siku 16, akitumia zana zilizotengenezwa kwa kufuli lile moja. Kwa hiyo silinda ikikushinda jioni ya leo, toa pini mbili, pima tena unene wa kikazio chako dhidi ya tundu lake, ujaribu kesho.