SSD ya seva ya kutafuta maandishi: usiangalie spidi ya kwenye boksi

Boksi liliandikwa "hadi MB 3,500 kwa sekunde" nami nikaamini, nikaipachika NVMe yangu mpya (SSD ya kasi) kwenye seva ya Elasticsearch, programu ya kutafuta maandishi, nikaanza kuindeksi upya nyaraka zote. Mwanzo ilikuwa inapaa, halafu ghafla iostat, programu ya kuonyesha spidi ya diski, ikaanza kuonyesha MB 90 kwa sekunde, yaani hata ile diski ya kuzunguka niliyoitoa jana yake ilikuwa na nafuu.

Kumbe ilikuwa QLC, seli moja inabeba biti 4 na kuandika hivyo ni polepole, so watengenezaji wanatenga kache, sehemu ya kupokelea data kwa muda, ambayo seli zake zinaandikwa biti moja moja, mbio zote ziko hapo, ikijaa ndo unaijua tabia yake. Na Lucene, injini ya kutafuta iliyo ndani ya Elasticsearch na mwenzake Solr, haigusi kipande cha indeksi kikishaandikwa, inaandika vipya vidogovidogo halafu inaviunganisha hadi karibu GB 5 kimoja, kwa hiyo data ileile inaandikwa tena na tena huku watu wanatafuta. Kache lazima ijae tu.

Namba 1 kwangu ni Samsung PM9A3, na ndiyo, nina upendeleo. Ni TLC, biti 3 kwa seli, halafu ina kapasita za kulinda data umeme ukikatika. Elasticsearch isipobadilishwa inafanya fsync ya translog, yaani inalazimisha daftari lake la mabadiliko liandikwe kwenye diski, kila ombi la kuandika, diski yenye kapasita inajibu "tayari" chapchap maana data iko salama hata kabla haijafika kwenye seli.

Namba 2 Micron 7450, nayo ina kapasita. Namba 3 WD Black SN850X, TLC yenye DRAM (kumbukumbu yake ya ndani), kapasita hakuna.

QLC weka indeksi za zamani zisizoandikwa. Za kuzunguka, bakapu.

Ila kama RAM ni ndogo anza na hiyo kwanza, na heap, yaani RAM unayoitengea Elasticsearch, isizidi nusu, inayobaki iachie Linux iweke indeksi kwenye kache.

Ukinunua, ijaribu na fio, programu ya kupima diski, siku hiyohiyo, andika GB 200 mfululizo, majaribio ya sekunde 30 hayakuambii kitu. Maana wauzaji hawa! Jina la modeli lilelile, chipu za ndani zimebadilishwa. Nilimuuliza wangu TLC au QLC, akanijibu "hii original dada". Nilipoirudisha akaichomeka, taa ikawaka, akaniambia si unaona inafanya kazi.