Kisumu hadi Nairobi kwa ndege: vikokotoo vya umbali vinasema kweli?

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni. Leo nachambua vile vikokotoo vya mtandaoni vinavyokupa umbali na muda wa safari kati ya viwanja viwili vya ndege. Watu wengi wa huku kwetu hupangia siku nzima jibu la kikokotoo, na hilo linanisumbua, kwa sababu tiketi ya ndege si pesa ndogo.

Angalieni hapa kwenye skrini. Naandika KIS, herufi za uwanja wa Kisumu, kisha NBO, za Jomo Kenyatta. Kilomita 280 hivi. Hapo nakipa alama zote. Kinapima mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, wakati barabara ya Kericho na Nakuru inakaribia kilomita 350. Kikikuletea 151, usishtuke: hizo ni maili za baharini wanazotumia marubani, na moja ni kilomita 1.852.

Shida iko kwenye muda. Vingi huchukua umbali huo na kuugawa kwa mwendo wa ndege kubwa, tuseme kilomita 800 kwa saa. Utapata dakika 21. Jamani, dakika 21! Ndege ya Kisumu haina nafasi ya kukimbia hivyo. Inapaa, inakaa juu kidogo tu, na mara inaanza kushuka. Ndiyo maana kwa safari hii ndege ya pangaboi na ya jeti hupishana dakika chache tu, kwa hiyo usiongeze pesa eti unataka jeti ikuwahishe. Vikokotoo bora huongeza nusu saa ya kupaa na kutua, na hapo unapata kama dakika 51, karibu sawa na tiketi. Chagua cha namna hiyo.

Lakini hata hizo 51 ni za ndege, si zako. Upande wa Kisumu ni rahisi, uwanja uko karibu na mji, kwenye barabara ya Busia, na tuktuk inakufikisha. Kuna ukaguzi, kuna kungoja, halafu ushuke Nairobi ukutane na Mombasa Road. Mimi ningehesabu saa tatu hadi nne, mlango hadi mlango. Bado unalishinda basi kwa mbali. Na ukiweza, panda ya asubuhi, kabla mawingu ya radi hayajajikusanya juu ya milima ya Nandi na Kericho.

Sasa hili ndilo kubwa, hasa kwenu mnaosindikiza vijana wanaoenda kazini Ghuba. Andika Kisumu hadi Dubai: kinakupa kilomita 3,590 hivi, kana kwamba kuna ndege inayokungoja pale. Hakuna ya moja kwa moja. Unaenda kwanza Nairobi, kilomita 280 kuelekea kusini-mashariki, ndipo uanze nyingine kama 3,560, na katikati kuna saa za kungoja ambazo kikokotoo hakizijui. Tena Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo ukitoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kupunguza hiyo moja, safari itaonekana ndefu kuliko ilivyo.

Wanaotengeneza vikokotoo hivi, tafadhali wekeni mstari mmoja tu: njia hii ina ndege, au haina.